Mtu wa Safu ya Mbele

Arminta Combs hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja ndani ya ndoa alipoitwa kwenda kumwosha dada yake.

Ilikuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, wiki ile ambayo maua meupe hutoka mlimani halafu baridi hurudi ghafla, kana kwamba imesahau kitu. Ova alikuwa amelazwa juu ya mlango ulionyofolewa bawaba na kuwekwa juu ya viti, katika chumba cha mbele cha nyumba ya mumewe. Nywele zake zilikuwa bado zinadondosha maji. Mumewe, Hobart Creech, ndiye aliyekuwa mwenye kinu cha maji kilichosaga mahindi ya bonde zima la Stillhouse, tena shemasi kanisani. Watu walisema Ova aliteleza kwenye ubao unaopita juu ya bwawa la kinu. Hobart alikaa barazani na kofia yake gotini, na kila aliyepanda ngazi alimwambia maneno yale yale kwa sauti ile ile: "Nilimwambia ubao una utelezi. Nilimwambia."

Walioingia kuosha walikuwa Arminta, mama yake Lettie, na mkunga wa bonde, Bi Sudie Napier. Arminta akaanza na mikono. Chini ya kucha akakuta unga wa ngano uliokandwa, bado mlaini. Dada yake alikuwa anapika mkate. Alipofika shingoni akakuta alama, nne upande mmoja na moja upande wa pili. Akainua macho amtazame mama yake. Lettie alikwisha kuziona. Alikuwa tayari ameshika gauni lenye ukosi mrefu, na akaanza kulifunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka kidevuni, huku Bi Sudie amemwinua marehemu kichwa.

"Mama," Arminta alisema.

"Vuta hiyo shuka."

"Mama, umeona..."

"Nimeona maji. Na wewe umeona maji." Lettie hakuinua uso. "Sherifu ni binamu yake Hobart. Baba yako anakata magogo kwenye msitu wa baba yake. Vuta shuka, mwanangu."

Bi Sudie alilaza kile kichwa taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni, akatoka nje kwenda kumpa Hobart pole.

Wakamzika Ova juu ya kilima. Arminta akarudi kwake, na kwa miaka kadhaa akawa kama watu wote wa Stillhouse. Aliona maji.

*

Mumewe, Estill Combs, alikuwa mchimba makaa ya mawe, mtu mwembamba, mcheshi, mpiga gitaa wa kwenye harusi. Siku moja gari la makaa lilimbana mkono dhidi ya ukuta wa mgodi, na vidole viwili vikabaki huko huko chini. Aliporudi na bandeji, alilitazama gitaa lililoning'inia ukutani, kisha akalishusha na kumwekea mkewe mapajani.

"Haya, Minty. Mimi sasa ni msikilizaji."

"Sijui kupiga."

"Na mimi sikujua. Shika hapa. La, hapa. Umelishika kama unamnyonga kuku."

Baba yake Arminta alipomkuta nalo alitema tumbaku pembeni. Kanisani kwao watu waliimba kwa makoo matupu, na kila chombo chenye nyuzi kilihesabiwa kuwa mali ya shetani. "Kuku jike akiwika," alisema, "hachelewi kufika chunguni." Lakini Arminta alikuwa amekwisha kuonja. Alipiga akiwa amemfunga mtoto mgongoni. Alipiga maharage yakichemka na nyama ya nguruwe. Na kwa kuwa nyimbo za zamani zilimchosha, zile za wasichana wanaouawa na wapenzi wao huku wakiomba msamaha kwa kosa lisilojulikana, akaanza kutunga zake.

Wa kwanza ulihusu beseni la kufulia. Ulisema maji ya nguo za mchimba makaa hayatakati hata uyabadilishe vipi, na kwamba mke hupata kujua kifua cha mumewe kimefikia wapi kwa kutazama weusi wa leso yake. Aliuimba kwa wanawake wenzake kijitoni, siku ya kufua. Mwanzoni walicheka. Halafu hawakucheka tena. Mmoja akasema, "Hebu urudie pale pa leso." Akarudia. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia jambo lake mwenyewe likiimbwa.

Mjini Harkley kulikuwa na kituo cha redio kilichorusha muziki wa milimani kila Jumamosi adhuhuri. Estill ndiye aliyemsukuma aende. Meneja, Bwana Pruitt, mtu wa tai na jasho, alimtazama kutoka viatu hadi kichwani.

"Hapa wanawake huimba nyuma ya waume zao, mama. Mumeo yuko wapi?"

"Yuko chini ya ardhi, anakuchimbia hayo makaa ya moto unaouota."

Bwana Pruitt akajikuta amecheka, na kucheka ndiko kulikomponza. Kabla mwezi haujaisha Arminta alikuwa na robo saa yake mwenyewe. Mtangazaji alisoma jina lake peke yake, bila la mwanamume mbele yake: Minty Combs, kwa nyimbo alizozitunga mwenyewe. Katika milima ile jambo hilo halikuwa limesikika. Aliimba juu ya uzazi mgumu, juu ya mume anayerudi amelewa, juu ya mwanamke anayehesabu watoto alionao na aliowazika. Kila Jumamosi wenye redio za betri walifungua madirisha ili wasio nazo wasikie kutoka barabarani. Wanaume walinung'unika kwamba huyo mwanamke anatoa nje mambo ya ndani. Wake zao waliongeza sauti.

Ndipo ikaja habari kwamba Hobart Creech anaoa tena.

*

Msichana aliitwa Icie. Alikuwa na nywele nyekundu na kicheko cha karibu, mtu wa kuchekeshwa hata na bata. Alikuwa binti wa Bi Sudie Napier.

Arminta alimkuta Sudie barazani akitoa nyuzi maharage mabichi. Akakaa, akachukua konzi lake, wakawa wanavunja maharage pamoja bila kusema. Kinu kilisikika kutoka chini, kikivuma.

"Bi Sudie," alisema mwishowe, "umpeleke mtoto wako nyumba ile?"

"Ina madirisha ya kioo. Ina pampu ya maji jikoni."

"Wewe ulimwinua kichwa. Uliona nilichoona."

Mikono ya Sudie haikusimama. "Mimi niliona maji."

"Bi Sudie."

"Nina watoto wengine ndani humo, Minty, na mume wangu yuko kaburini. Mtu ni shemasi. Ana huzuni yake. Wewe una wivu kwa ajili ya dada yako, unaona vibaya mwingine akikaa kitini pake." Kisha akashusha sauti, na macho yake yakaelekea kule chini kwenye kinu. "Ondoka sasa. Anaweza kupita."

Arminta akaondoka. Njiani alimkuta Icie mwenyewe akirudi na ndoo ya maziwa. Alitaka kusema. Msichana akamwahi kwa furaha: "Bi Minty! Jumamosi tulikusikia! Hobart pia alisikiliza. Alisema una kipaji, kazi yako ni kuchunga tu usikitumie vibaya."

Wiki ile wimbo ulimjia. Hakuukaribisha. Ulikuja wakati anakanda mkate, kutokea mikononi kwake mwenyewe. Katika nyimbo za zamani mwanamke aliyeuawa hunyamaza, na mwuaji ndiye husimulia. Katika wimbo huu aliyesema alikuwa maiti.

*Aliniita bwawani, mikononi nina unga,*
*Nikashuka kwa imani, kitambaa sikufunga;*
*Alinishika shingoni, watu ng'ambo wakichunga,*
*Nami nipo hapa chini: dada, moyo wako funga.*

Alipomwimbia Estill, yeye alisimama mlangoni akitazama nje kana kwamba kuna mtu anakuja.

"Hujamtaja jina," alisema.

"Sijamtaja."

"Haisaidii kitu. Mtoto mchanga atajua." Akajipangusa uso kwa ule mkono wenye vidole vitatu. "Ukiimba huo, Minty, hatutalala tena kama watu."

"Wewe umelala tangu Ova afe? Mimi sijalala."

Jumamosi adhuhuri aliuimba. Bwana Pruitt, nyuma ya kioo, aliendelea kutafuna sandwichi yake mpaka ubeti wa pili, kisha akaacha. Wimbo ulipoisha mtangazaji alisahau kusoma tangazo la dawa ya kikohozi. Redio ikakaa kimya, na kimya hicho kikasikika milimani kote.

Jumapili hakuna aliyemsalimu.

*

Ijumaa iliyofuata alikuwa na onyesho katika shule ya Pigeonroost, bonde la pili. Alipanda jukwaani, akarekebisha uzi mmoja, akainua kichwa. Katika safu ya mbele, katikati kabisa, alikaa Hobart Creech, kofia gotini, amechana nywele vizuri. Viti vya kuliani na kushotoni kwake vilikuwa vitupu, ingawa watu wengine walikuwa wamesimama ukutani.

Aliimba zote isipokuwa ule mmoja. Watu walipoanza kuinuka, Hobart akasema kwa sauti ya upole iliyofika kila kona, "Shemeji, umeuacha mmoja."

"Upi?"

"Wa bwawani. Nimetoka mbali kuja kuusikia."

Watu wakakaa tena. Arminta alihisi vidole vyake vimekuwa vya mtu mwingine, lakini vilijua njia, vikaanza. Aliimba akimtazama machoni. Hobart alipiga mguu sakafuni, taratibu, akifuata mapigo. Ulipoisha ndiye aliyepiga makofi, peke yake, bila haraka, kama mtu aliyeridhika na kazi ya fundi.

Nje alimfuata hadi kwenye gari la Estill akampa mfuko. "Unga, shemeji. Wa watoto. Nimeusaga leo asubuhi." Kisha akamwinamia Estill: "Pole kwa mkono, bwana. Mgodini ajali haziishi."

Unga ule hawakuula. Arminta aliufukia nyuma ya banda, na kwa siku nyingi kuku hawakuachwa kupekua pale.

Tangu siku ile Hobart alikuwapo kila mahali. Awe Arminta anaimba kwenye mnada wa ng'ombe, awe kwenye ukumbi wa wachimba makaa, Hobart alikuwa safu ya mbele. Hakutisha mtu. Hakuinua sauti. Aliomba ule wimbo, akapiga mguu, akapiga makofi. Mara nyingine alirekebisha: "Leo umeharakisha ubeti wa pili, shemeji." Arminta akaanza kuota kile kiatu kikipiga sakafu.

Mambo mengine yalikuja kimyakimya, bila mwenyewe. Mbwa wao alikutwa amekufa kisimani, na ikabidi kisima kizibwe. Estill akahamishiwa sehemu ya mgodi ambako dari lilikuwa likidondosha changarawe, na msimamizi aliyemhamisha hakuweza kumtazama usoni. Kanisani wazee walisimama wakasoma jina la Arminta na kumtoa katika ushirika kwa kumchafulia jina ndugu katika imani. Mama yake, Lettie, alikuwa benchi la wanawake. Hakugeuka.

"Imba kitu kingine," Bwana Pruitt alimsihi. "Imba cha mama na kiti cha kubembea. Watu wanapenda kiti cha kubembea."

"Nani kakwambia?"

"Mtu mmoja alikuja. Mstaarabu sana. Alikaa hapo ulipo akanisifia watoto wangu. Majina yao anayajua."

Majani yalipoanza kuwa mekundu, Icie akaolewa. Alasiri ile, mbele ya gitaa, Arminta alimwambia Estill kwamba ameshindwa, na kwamba hatauimba tena. Alidhani atafurahi.

"Huwezi kuacha," Estill alisema. "Njoo nikuonyeshe."

Akamchukua hadi kijitoni. Wanawake walikuwa wakifua. Walikuwa wameinamia mabeseni, migongo yao ikipanda na kushuka, na wote walikuwa wakiimba chini chini, bila kufungua midomo vizuri, kama nyuki ndani ya ukuta. Ulikuwa ule wimbo. Msichana mmoja ambaye hata hakuwa amezaliwa Stillhouse alikuwa ameuongezea ubeti wake.

"Sio wako tena," Estill alisema.

*

Baridi kali ilipita. Theluji ikaanza kuyeyuka, na bwawa la kinu likajaa hadi ukingoni.

Icie alikuwa mjamzito. Hobart hakuwa amempiga hata siku moja. Alimsemesha kwa upole, akamkataza kucheka mbele za watu, akamkataza kwenda kwa mama yake, akamkataza kijito. Alipenda ajue alipo saa zote. Katika nyumba ile hakukuwa na redio tena. Lakini wimbo huingia hata penye tundu la sindano. Waliokuja kusagiwa mahindi walikuja wakiuimba kwa pua, na Icie aliujua wote, ingawa alijiambia kwamba ni uongo wa mwanamke mwenye wivu.

Asubuhi moja alikuwa jikoni anakanda mkate. Kinu kilikuwa kinavuma kama kawaida. Akasikia sauti ya mumewe kutoka chini, ya kirafiki kabisa.

"Icie! Njoo utazame maji yalivyojaa!"

Akaanza kwenda. Alikuwa amefika mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi, aliposhika kizingiti na kuona mkono wake mwenyewe. Ulikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kifundo.

Hakuna aliyemwambia kitu. Alisimama tu, anautazama ule mkono, na kichwani mwake sauti ya Minty Combs ikamaliza ubeti peke yake.

"Icie! Unakuja?"

"Nakuja, Hobart," alijibu. "Navaa viatu."

Akatokea mlango wa nyuma bila viatu. Akapanda mlima kupitia vichaka vya miiba, akishika tumbo, akafuata mgongo wa mlima hadi akaona bati la nyumba ya Arminta. Alipoingia uani miguu yake ilikuwa inavuja damu, na alichoweza kusema ni, "Ameniita. Ameniita bwawani."

Arminta alikuwa akianika nguo. Alimwingiza ndani, akamweka nyuma ya jiko, akatoka tena barazani akasimama. Estill alikuwa mgodini. Watoto aliwatuma kwa jirani, na jirani akamtuma binti yake kwa jirani mwingine. Habari ikateremka bondeni kasi kuliko maji.

Hobart alikuja na lori lake la unga. Alikuja polepole. Barabara ya Stillhouse ni moja tu, imebanwa kati ya kijito na nyumba, na kila nyumba ina baraza. Alipopita ya kwanza, mwanamke alitoka akasimama. Ya pili, wakatoka wawili. Hawakupiga kelele, hawakushika silaha. Walisimama mikono ndani ya aproni na kumtazama akipita. Kisha mmoja akaanza kuuvuma ule wimbo kwa pua, na baraza inayofuata ikaupokea, na inayofuata. Kwa hiyo alivyozidi kwenda mbele wimbo ulizidi kukua, na hakuweza kupita nyumba isiyoimba.

Alipofika getini kwa Arminta uso wake ulikuwa umebadilika. Ule upole ulikuwa umebanduka kama rangi kuukuu.

"Shemeji. Mke wangu yuko humo."

"Yumo."

"Mtoe."

"Simtoi."

Akashuka. Alishika nguzo ya geti. Nyuma yake wanawake walikuwa wameshuka kutoka kwenye baraza zao, wamesimama barabarani, bado wanavuma.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. Hawakunyamaza. Akamgeukia Arminta. "Wewe. Wewe umeniharibia. Nani alikwambia nilimwita? Ee? Nani? Hapakuwa na mtu! Watu wote walikuwa ng'ambo!"

Kuvuma kukakoma.

Hobart alisikia mwenyewe alichosema. Ilionekana machoni kwamba alisikia. Arminta hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwamba Ova aliitwa. Alikuwa amebuni tu, maana unga na zile alama za shingoni ndivyo pekee alivyovijua, na mengine aliyatunga ili mistari itimie vina.

Bi Sudie Napier akatoka katikati ya wanawake. Alikuwa na koleo la jiko mkononi, labda kwa sababu ndilo alilokuwa nalo alipoitwa.

"Hobart," alisema. "Mimi nilishika kichwa chake wakati anafungwa vifungo. Alama zilikuwa nne na moja. Nilikuja barazani nikakupa pole." Akaliinua lile koleo. "Mwanangu yuko ndani humo. Ukipiga hatua moja ndani ya geti hilo, hapa hapa patakuwa kaburi lako."

Hakupiga hatua. Alirudi kwenye lori. Ilimlazimu kurudi kinyumenyume bonde zima, maana wanawake hawakumpisha ageuze.

*

Bonde zima lilikuwa limesikia, hata sherifu hakuweza tena kufumba macho, na kesi ya kifo cha Ova ikasikilizwa kiangazi. Wazee kumi na wawili wa baraza la mahakama wote walikuwa wanaume, na wakili wa Hobart aliwauliza kama wako tayari kumtia mtu kitanzini kwa ajili ya wimbo. Sudie alisimama akasema aliyoyaona. Lettie pia alisimama, akiwa amezeeka mara mbili, na alipoulizwa kwa nini alinyamaza miaka yote ile alijibu, "Kwa sababu wa kuniuliza mngekuwa ninyi." Hata hivyo wakamwachia huru. Hakukuwa na shahidi wa macho, na maneno ya hasira, wakasema, si ungamo.

Hobart alitoka mahakamani akavaa kofia. Alipompita Arminta alisema kwa upole wake wa zamani, "Tutaonana, shemeji."

Hakuna aliyempelekea tena mahindi. Watu walitwanga wenyewe, au walivuka mlima hadi bonde jingine. Gurudumu likasimama, na kabla ya vuli mwenyewe akatoweka. Wengine walisema yuko Indiana kwenye viwanda. Wengine walisema wamemwona Harkley kwenye kituo cha mabasi. Icie alizaa salama kwa mikono ya mama yake, akamwita mtoto Ova, na kwa muda mrefu hakuweza kulala chumba chenye dirisha.

Arminta aliendelea. Aliurekodi wimbo mjini Cincinnati, na sahani ya santuri ikaenda hadi mahali ambako hakuna aliyejua Stillhouse iko wapi. Wanawake wakaanza kumfuata, mmoja huku, mmoja kule, wakisimama mbele ya maikrofoni na nyimbo zao wenyewe juu ya mambo yaliyokuwa yakisemwa jikoni tu. Wengi walimpita kwa umaarufu. Yeye hakulalamika. Lakini hakuwahi kupanda jukwaani bila kutazama nyuso kwanza, na kulikuwa na maonyesho, Kentucky na Ohio, ambapo alishuka bila kuimba na hakueleza kwa nini. Estill alikufa kwa vumbi la makaa, akikohoa katika leso. Baada ya hapo Arminta akahamia Dayton kwa binti yake, kwenye nyumba ndogo iliyo karibu na reli, kati ya watu wengine wa milimani walioshuka kufuata kazi.

Huko ndiko msichana mmoja kutoka West Virginia alikomkuta. Aliitwa Verna Stidham, na alibisha hodi mchana mmoja wa mvua akiwa na gitaa na sanduku moja la nguo.

"Wewe ndiye Bi Minty?"

"Ndimi. Umelowa. Ingia."

Alimpa kahawa na mkate wa mahindi uliovunjwa ndani ya mtindi, na msichana akala kama mtu aliyesafiri bila kusimama. Alipomaliza aliweka kijiko chini akakiangalia.

"Nina wimbo," alisema. "Siwezi kuuimba. Nikifika katikati koo linafunga. Watu wanasema wewe ndiye unayejua kufungua."

"Unahusu nini?"

"Mama yangu. Na mtu aliyekuja kukaa kwetu baada ya baba kufa."

Arminta alimtazama kwa muda. Nje treni ya makaa ilikuwa inapita, ndefu, na vikombe vikalia juu ya rafu hadi ikaisha.

"Huyo mtu," aliuliza, "bado yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua uko hapa?"

Msichana aliangalia dirishani. "Nadhani basi langu alilifuata kidogo. Halafu sikuliona gari lake tena."

Arminta akainuka, mkono kiunoni, maana magoti yalikuwa yanamsumbua siku za mvua. Akashusha pazia la mbele, akaenda simuni akamwambia binti yake arudi mapema pamoja na mumewe na shemeji zake. Kisha akavuta kiti hadi magoti yake yakakaribiana na ya yule msichana.

"Utalala hapa," alisema. "Sasa toa gitaa. Usianzie mwanzo. Anza pale koo linapofunga."